Mashine ya mzee inatuma taarifa kila asubuhi, kliniki hakuna anayezisoma!

Wakuu, salaam. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa dawa za kukoroma, ni mambo mawili tofauti.

Mzee wangu ana apnia ya usingizi. Anakoroma, ghafla kimya, pumzi hakuna, mama anamtikisa, anashtuka kama katoka kuzamia. Alipopimwa, pumzi ilikuwa inakata zaidi ya mara 30 kwa saa, na kuanzia 30 wanaiita kali. Tukachangishana ndugu wote tukanunua CPAP, ile mashine inayosukuma hewa kupitia maski ili koo lisizibe. Juu yake tukalipia "ufuatiliaji wa mbali" mwaka mzima. Tukaambiwa ndani kuna laini, kila asubuhi inawapelekea kliniki idadi ya saa alizovaa maski, hewa inayovuja na pumzi ilivyokata. Kukiwa na tatizo mtapigiwa.

Wiki sita. Hatujapigiwa hata mara moja.

Mzee yuko Mbagala, joto la mwezi wa pili mnalijua. Maski ni kubwa kuliko uso wake, inampuliza machoni, saa saba usiku anaivua. Bado umeme haujakatika hapo! Hakulalamika kwa sababu alijua wanamwona. Wakinyamaza, yeye anahesabu mambo yako sawa. Hapo ndipo panaponiuma. Mwezi jana akasinzia kwenye foleni pale Mtoni kwa Aziz Ali, akagonga bajaji kwa nyuma. Tumelipa taa.

Juzi tumeenda kliniki. Daktari kafungua kompyuta: "Mzee, huvai mashine. Wastani wako saa mbili." Kipimo chao ni angalau saa 4 kwa usiku, siku 7 katika kila 10. Mzee kainamisha kichwa kama mtoto wa shule. Mimi naangalia skrini, mstari wa kuvuja uko juu tangu usiku wa kwanza! Nikauliza, hizi huwa anaangalia nani? Eti, "Huwa tunafungua mgonjwa akija."

Mgonjwa akija! Sasa umbali uko wapi hapo?

Wakambadilishia maski ndogo, dakika kumi tu. Jana kalala nayo kwa muda wa saa sita.

Nataka hela ya ufuatiliaji irudi, yote. Aliyewahi kudai kitu kama hiki akarudishiwa aje hapa aniambie alianzia wapi. Wa "pole mkuu" mpite tu.