Mita ya mauzo ya umeme: mtamboni, baada ya transfoma, au kituo cha kupozea?

Mtoni_Njombe
Wakuu, salaam. Kikundi chetu kinakamilisha mtambo wa maji wa megawati 1, na tumefika kwenye kipengele cha mita katika mkataba wa kuuza umeme gridi. Mnunuzi anataka mita ikae kituo cha kupozea umeme, kilomita 12 kutoka kwetu. Mhandisi wetu anataka ikae mtamboni upande wa volti 400. Wengine wanasema ikae baada ya transfoma, pale laini ya kilovolti 33 inapoanzia. Mkataba ni wa miaka 20, naogopa kukosea.

Fundi_wa_Mita
Mkuu, piga hesabu kwanza. Megawati 1 kwenye kilovolti 33 ni kama ampea 17.5. Waya wenye omu 0.6 kwa kilomita, kwa kilomita 12, utapoteza kilowati 6 au 7 mtambo ukifanya kazi kamili. Haifiki hata asilimia 1. Ingekuwa laini ya kilovolti 11, hasara ingekuwa mara tisa, hapo ningekwambia usikubali kabisa. Upande wa volti 400 mnunuzi atadai apunguze hasara ya transfoma kwa fomula, na fomula hizo huzaa ugomvi kila mwezi. Mimi nachagua baada ya transfoma.

Mhasibu_Iringa
Naongeza jambo ambalo lilituumiza sisi. Laini ni ya nani? Yetu tulijenga wenyewe, tukaikabidhi kwa mnunuzi, mita ikabaki kituoni. Baadaye vijiji viwili vikaunganishwa njiani. Umeme wetu ukaishia kwenye nyumba za watu kabla ya kufika kwenye mita, na mnunuzi akawauzia wanakijiji uniti ambazo sisi hatukulipwa. Tulichukua zaidi ya mwaka kurekebisha mkataba. Kama kuna kijiji chochote kati yenu na kituo, hiyo mita ya kituoni ikataeni.

Mtoni_Njombe
Vipo vitatu. Asante sana dada, hilo hatukuliona.

Fundi_wa_Mita
Hapo jibu limepatikana. Sasa angalieni transfoma za mkondo, yaani zile ndogo zinazopunguza mkondo wa laini ili mita iweze kuusoma, maana watu hubishania mahali pa mita na kusahau hizi. Mkifungiwa za 200/1 (ampea 200 za laini zinakuwa ampea 1 ya mita) wakati mkondo wenu ni ampea 17, mnafanya kazi chini ya asilimia 10 ya uwezo wake. Za daraja 0.5 la usahihi zinaruhusiwa kukosea asilimia 1.5 mkondo ukiwa asilimia 5 ya uwezo huo. Hiyo inazidi hasara ya laini nzima! Kiangazi maji yakipungua hali ni mbaya zaidi. Dai daraja 0.2S, ambalo ni sahihi zaidi hata mkondo ukiwa mdogo, na uwiano unaokaribia mkondo wenu halisi. Mita isome pande zote mbili pia, kwa sababu mtambo ukizimwa transfoma inaendelea kula umeme wa gridi. Ikila kilowati 1.5, ni uniti 1,080 kwa siku 30, na bei ya kununua si ile mnayouzia.

Wakili_Dom
Kwenye maandishi: mita kuu na mita ya kulinganishia, zote zifungwe lakiri za pande mbili, zisomwe siku moja wahusika wote wakiwepo. Andikeni tofauti inayovumilika kwa asilimia, na nani alipie upimaji ikizidi. Mita ikikutwa na kosa na haijulikani lilianza lini, mikataba mingi husahihisha hesabu za nusu ya muda tangu upimaji wa mwisho. Kwa hiyo msikubali upimaji wa kila miaka mitano. Pia, fyuzi moja ya transfoma ya volti (inayoipa mita kipimo cha volti) ikiungua, mita ya elementi tatu, yaani yenye kipimo kimoja kwa kila fezi, inapoteza theluthi ya uniti zenu.

Msafiri_Nakuru
Na umeme ambao mita haiwezi kuuona? Mradi wa upepo wa Turkana, megawati 310, ulikamilika 2017 lakini laini ya kuupeleka umeme kwenye kituo cha Suswa ikawashwa 2018. Kenya ililipia umeme uliohesabiwa kama umezalishwa ingawa haukufika kwenye gridi, kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Je, wenu unasemaje laini ikikatika upande wa mnunuzi?

Mtoni_Njombe
Rasimu yetu haina kipengele hicho. Nimemwandikia mwanasheria wetu sasa hivi, kikao na mnunuzi ni Alhamisi.

Wakili_Dom
Basi pelekeni na rekodi za mtiririko wa mto. Bila hizo hamtaweza kuthibitisha mngezalisha uniti ngapi laini ikiwa chini.