Msaada wa haraka: programu ya kubadilisha ekstensheni za picha nyingi kwa mkupuo

Studio_Mwanjelwa
Wakuu, poleni na baridi. Nina studio ndogo hapa Mbeya. Picha 4,200 za harusi zimeongezeka herufi nne za ajabu baada ya .jpg na hazifunguki. Nipeni programu ya kuzirudisha zote kwa pamoja. Moja moja sitamaliza, na bibi harusi anazitaka Jumamosi.

Fundi_Uyole
Mkuu, PowerToys ya Microsoft ni ya bure, ndani yake kuna PowerRename. Au fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) kwenye foda hiyo, andika ren *.abcd *. ukiweka hizo herufi zako badala ya abcd.

Mama_Parachichi
Mimi niko Njombe. Picha za shamba nilizipiga kwa iPhone zikaja .heic, nikabadilisha majina kuwa .jpg, mnunuzi akasema hazifunguki. Kijana wa steshenari akazifungua kwa IrfanView akazihifadhi upya, zikakubali. Jina ni jina tu, mwanangu, cha ndani hakibadiliki.

Studio_Mwanjelwa
Mama asante, ila zangu ni za kamera. Nimeshabadilisha 600, bado zinagoma. Labda niinunue ya kulipia?

Fundi_Uyole
Subiri kwanza. Hizo herufi aliziweka nani? Kuna faili la maandishi usilolijua?

Studio_Mwanjelwa
Lipo kila foda, _readme.txt. Walioliandika wanataka dola 980 ili wazifungue picha, ukiwatafuta ndani ya saa 72 ni 490. Ilianza nilipopakua programu ya kuhariri iliyovunjwa kufuli. Shemeji amekubali kunikopesha, naona nilipe yaishe. Msinihukumu, ya halali sikuimudu.

Mnyalukolo
Kamwene. Mdogo wangu, na wezi unawalipa tena? Mwaka wa mvua nyingi nilinunua mbegu feki Makambako kwa sababu ya bei, nikavuna majani. Usilipe.

Kijana_Tukuyu
Hii chai. Asubuhi shida ilikuwa majina, jioni ni dola. Na mpiga picha gani hana bekapu?

Studio_Mwanjelwa
Sijatunga, kaka. Niliona aibu. Bekapu ilikuwa diski ya nje, ilikuwa imechomekwa siku hiyo, nayo imeliwa.

Fundi_Uyole
Kijana, mwache. Hizo bei ni za STOP/Djvu kabisa, kirusi kinachofunga mafaili kisha kudai pesa. Kinavuruga kwa msimbo wa siri kilobaiti kama 150 za mwanzo wa kila faili, ndiyo maana kubadilisha jina hakusaidii. Hizo 600 zirudishie herufi zake, usifute kitu. Kirusi kiondolewe kwanza. Halafu soma ID (namba yako ya utambulisho) kwenye _readme: ikiishia na t1, programu ya bure ya kufungua mafaili ya kampuni ya Emsisoft inaweza kukubali.

Studio_Mwanjelwa
Haiishii na t1.

Fundi_Uyole
Kadi ya kamera je?

Studio_Mwanjelwa
Niliifomati baada ya harusi. Iko kwenye droo, sijaipigia tena.

Fundi_Uyole
Hiyo ndiyo ungeanza nayo! Usiirudishe kwenye kamera. Tafuta kompyuta nyingine safi, weka PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa picha zilizofutwa, picha zihifadhiwe kwenye diski ya kompyuta, siyo kwenye kadi.

Studio_Mwanjelwa
Niko kwa jirani. PhotoRec imefika picha 1,130, na bibi harusi nimemwona akishuka garini. Bado inasoma.