Tuliuza gari kwa hiari, sasa mtaa unatuhurumia. Naombeni ushauri

MamaWawili
Hamjambo wadau. Naishi Imara Daima, Nairobi, nyumba zetu zina geti moja. Mwezi wa pili mimi na mume wangu tuliuza gari. Hatukuishiwa. Tulilipa mkopo wa sacco ukaisha, na sasa asubuhi napanda treni ya Syokimau. Naipita foleni ya Mombasa Road, na jioni nawahi kukaa na watoto. Nimepata amani kweli.

Lakini majirani wameshaamua kwamba tumefilisika. Mmoja alinijia na kiondo, ndani pakiti mbili za unga na mafuta ya kupikia. "Mambo yatakaa sawa, dada." Nilipokea, kwa kukosa la kusema. Chama chetu cha kuchangiana kikapanga safari ya Diani bila kuniambia, eti hawakutaka kunisumbua.

Hayo nayavumilia. Kinachoninyima usingizi ni binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Siku ya wazazi tuliposhuka matatu aliniachia mkono. "Mama, tungoje hapa magari yapite kwanza." Tukasimama kando ya muuza mahindi, yeye akikunja na kukunjua ncha ya tai, hadi getini pakawa peupe. Mume sasa anataka tununue lingine. Nina haki ya kumtwika mtoto uamuzi wangu?

MzawaWaBuru
Nimekulia Buruburu. Nyumba zile zilianza kujengwa miaka ya 1970, zinafanana utadhani mapacha. Baba alipoongeza chumba mbele alisemwa sana, kwamba anaharibu mtaa. Pita leo uone: huyu kapandisha ghorofa, yule kafungua duka. Waliomsema ndio waliokuja kumwomba fundi. Shikilia hapo hapo, dada.

Kanyoni
Nunueni. Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku utaita teksi ngapi?

MwalimuDarasaLaSita
Mzawa, baba yako alikuwa mtu mzima, alijua anachotaka. Huyu ni mtoto, na darasani swali la "mlikuja na nini?" linauma. MamaWawili, usimhubirie kuhusu mikopo. Muulize nani alimwambia nini. Mara nyingi ni mwenzake mmoja tu.

BabuK
Na kile kiondo ulikirudisha? Hakirudi kitupu. Peleka na kitu, ukae, umweleze jirani ukweli. Huyo alikuja kwa moyo mwema.

MamaWawili
Asanteni. Mwalimu, nilimuuliza jana usiku tukiosha vyombo. Hakuna aliyemwambia kitu shuleni. Alinyamaza, kisha akasema, "Kama hatuna shida, mbona ulipokea unga?" Kumbe miezi yote hii anaamini tumefukarika na tunamficha. Amekuwa akiacha nyama kwenye sahani ili mdogo wake ashibe, mimi nikidhani haipendi.

Nililia, sitaficha. Nikamtolea karatasi ya sacco, akaisoma mwenyewe mstari kwa mstari, mpaka penye salio sufuri.

BabuK, kiondo kinarudi Jumamosi na ndizi na maparachichi. Binti amesema atakibeba yeye.