Turbo kwenye Altezza RS200, bila kufungua injini?

Wakuu, nina Toyota Altezza RS200 ya gia sita za mkono, injini ni 3S-GE ya BEAMS, niko Dar. Ikivuka mizunguko 6,000 raha tupu, ila chini ni nzito. Fundi anasema atafunga turbo (pampu ya kushindilia hewa kwenye injini) bila kugusa ndani. Nimkubalie?

Jibu: Hapana mkuu. Kompresheni ya hiyo injini, yaani inavyobana hewa na mafuta, ni 11.5 kwa 1. 3S-GTE, ndugu yake iliyozaliwa na turbo, iko 8.5 hadi 9. Ukishindilia hewa, mafuta yanalipuka kabla ya wakati na pistoni zinapasuka kwenye mitaro ya ringi. Anza na pistoni za kompresheni ndogo, nozeli kubwa za mafuta na kompyuta ya injini inayotyuniwa. Turbo nunua mwisho.

Mwingine: Si aweke 3S-GTE tu?

Jibu: Kwenye Toyota Celica, ilikotoka, injini hiyo imekaa kwa upana wa gari, Altezza ni kwa urefu. Sampo (bakuli la oili) na manifoldi (mabomba ya hewa na moshi) vyote vinabadilika.

Muulizaji: Presha ndogo ya turbo je, 0.3 ba?

Jibu: Hata hiyo inataka tyuning na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye ekzosi. Ukisikia mlio kama wa kokoto kwenye debe ukipanda mlima, ndio huo mlipuko wa kabla ya wakati, toa mguu kwenye mafuta hapohapo.