Mrejesho: zawadi ya mjomba mkusanya stempu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nimpe nini mjomba anayekusanya stempu za posta, maana kila ninayoiona tayari anayo. Asanteni sana kwa michango yenu.

Nilimfuata aliyesema ninunue vifaa: kibano chenye ncha bapa, na kurasa za albamu zisizo na PVC, kwa kuwa plastiki hiyo huharibu stempu zikikaa humo muda mrefu. Kibano hakimtoki mkononi. Kurasa ndizo zimegoma, matundu yake hayaingii kwenye pete za albamu yake, pimeni kwanza.

Na wewe uliyesema nichungulie orodha ya stempu anazozitafuta, ubarikiwe. Nilipata moja tu, ila hiyo ndiyo anayomwonyesha kila mgeni.