Mtoto wa Kisandawe apimwe usikivu kwa lugha ipi?

Mwalimu wa Chemba
Ndugu wanajukwaa, ninafundisha darasa la kwanza upande wa Kwa Mtoro, ambako watoto wengi huingia shuleni wakizungumza Kisandawe, na Kiswahili wanakianzia kwangu. Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja alipelekwa kupimwa usikivu. Mpimaji alimtamkia maneno ya Kiswahili, mtoto akashindwa kurudia zaidi ya nusu, na baba yake akarudi na karatasi inayosema kwamba hasikii vizuri na ana kasoro ya usemi. Mimi nikimwita kwa Kisandawe changu cha kubahatisha, naye akiwa amenipa mgongo, hugeuka. Hata hivyo sikio lake la kushoto hutoa usaha kila msimu wa mvua, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba hana tatizo. Nimshauri nini baba yake?

Mpimaji wa usikivu, Dodoma Mjini
Mwalimu, kurudia maneno hupima sikio na ujuzi wa lugha kwa pamoja, na mtoto asiyeijua lugha hufeli hata kama sikio lake ni zima. Aanze kwa milio ya mashine, kuanzia mizito hadi myembamba (kati ya hezi 500 na 4,000), akidondosha kokoto kwenye kopo kila asikiapo mlio. Mchezo huo hauhitaji neno lolote, ila maelekezo yake yatolewe kwa Kisandawe. Kipo pia kifaa kinachopokea mwitikio wa sikio la ndani, ambacho hakimtaki mtoto aseme chochote.

Usaha, hata hivyo, usisubiri. Ukizidi wiki mbili, kwa kawaida ngoma ya sikio imetoboka, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa tatizo kubwa la afya ya jamii pale ugonjwa huo unapozidi asilimia 4 ya watoto. Wenyeji wa asili wa Australia wanaufahamu vizuri mzigo huu. Huko wahudumu wa afya wanaotoka katika jamii zenyewe hufanya kazi bega kwa bega na wataalamu wa masikio.

Mzazi wa Kondoa
Kwa heshima zote, shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na mtihani ni wa Kiswahili. Mtoto asipokisikia Kiswahili, tatizo ni lilelile, liitwe jina lolote.

Mkazi wa Farkwa
Ndugu yangu, si lilelile, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Mimi ni Msandawe. Lugha yetu ina vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi, na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na toni ikikosewa neno hubadilika. Kasoro ya kweli ya usemi hujitokeza katika lugha zote mbili. Mtoto akizungumza nyumbani sawasawa na wenzake wa rika lake, anachokosa ni Kiswahili, na hicho hufundishwa darasani. Kwa hiyo aulizwe bibi yake, ambaye hukaa naye siku nzima, na asifanywe kaka yake mdogo kuwa mkalimani, maana mtoto huogopa kumtia nduguye aibu. Naomba pia wapimaji wasimhoji mama mbele ya foleni kuhusu alichomtia mtoto sikioni. Akifokewa mara moja kwa ajili ya mafuta ya moto, harudi tena, na usaha unaendelea.

Mwalimu wa Chemba
Nashukuru. Bibi yake anasema mjukuu humsimulia hadithi ndefu kuliko wenzake wote. Shida ni kwamba kutokana na karatasi ile kumeanza kusemwa kwamba ahamishiwe shule ya viziwi. Je, inaweza kufutwa?

Mpimaji wa usikivu, Dodoma Mjini
Haifutwi. Hufanyika kipimo kingine, na majibu mapya huambatanishwa pamoja na maelezo kwamba kile cha kwanza kilifanywa kwa lugha asiyoijua mtoto. Asihamishwe kabla ya hapo. Kwa sasa mketishe mbele, upande ambao sikio lake la kulia linakuelekea, na wiki hii sikio la kushoto lionwe na daktari.