Gemu yangu inamlipa mnunuzi wa watumwa. Nirekebishe vipi pointi za wema?

Mfinyanzi_Nax (Nakuru)
Wadau, naomba ushauri. Mimi na mwenzangu wa Kisumu tunaunda gemu ya simu: nchi ya kubuni yenye ziwa kubwa, misafara ya pembe, na miji mitatu inayogombania njia. Utumwa umo kwenye hadithi na sitaki kuutoa, maana ndio unaoendesha biashara yote ya nchi hiyo.

Shida ni pointi. Ukinunua mtu unapoteza 10, ukimwachilia unapata 15. Jumamosi nilimpa binamu yangu wa miaka 14 aijaribu. Akanunua watu watatu, akawaachilia papo hapo langoni mwa soko, akarudi ndani kununua wengine. Nusu saa haikuisha, miji yote mitatu ikamwita "Mtakatifu", na muuzaji wa watu anamlaki kama rafiki. Hakudanganya popote, amefuata kanuni nilizoandika mimi. Iliniuma. Hata majina sikuwa nimewapa: "Mtumwa 1", "Mtumwa 2".

Nishushe ile 15 iwe 12?

Nyar_Winam (Kisumu)
Ukishusha, atarudia mara nyingi zaidi, basi. Umesahau kwamba soko lina upande wa pili. Anayenunua kwa nia njema naye amempa muuzaji pesa za kwenda kuteka wengine. Bei ipande, na siku chache baadaye kijiji kimoja kipotee kwenye ramani. Usimwandikie mchezaji onyo. Aende mwenyewe, akute chungu kingali mekoni na mtu hakuna.

Halafu futa hicho kipimo kimoja cha wema. Kila kundi likukumbuke kivyake.

Wa_Mumias
Naunga mkono. Ila wabaya wasiwe wageni peke yao. Misafara ya Waswahili ilifika huku kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ikifuata pembe za ndovu, na ilipata wenyeji wa kushirikiana nayo. Mtawala wako awe na hofu ya kweli: jirani ana bunduki, yeye hana, na mwenye bunduki anataka kulipwa kwa mateka. Mchezaji akimkatalia, mji ushambuliwe kweli.

Shangazi_Rabai
Mwanangu, naishi Nakuru lakini kwetu ni Rabai, pwani, na jambo hili si hadithi tu kwetu. Sikiliza Kiswahili chenyewe. Mzalia ni aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Mtoro ni aliyekimbia. Hata kibarua: kuna watumwa waliotumwa kufanya kazi ya kutwa, ujira wakagawana na bwana. Mzalia ana kanafasi kadogo anakoogopa kukapoteza, mtoro hana cha kupoteza. Usiwaweke kundi moja, hawatakubaliana.

Watoro walijenga makao yao, kama Fuladoyo. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai, na mabwana wakaja kuwadai. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeshika pwani ilikubali kuwalipa mabwana ili watoro waachwe huru. Waliopewa pesa ni mabwana. Hata sheria ya 1907, iliyofuta utumwa pwani ya Kenya, iliwafidia wao. Mchezaji wako apewe mfuko huo wa pesa mkononi, watoro wamesimama mbele yake wakimtazama.

Mfinyanzi_Nax
Shangazi, shikamoo, na asante sana. Jana usiku nimefuta kipimo chote. "Mtumwa 1" sasa ni Nasike, anafinyanga vyungu. Ukimwachilia langoni haondoki. Anakuuliza: "Niende wapi usiku huu, na mwanangu bado yuko ndani?"

Limebaki moja: mwenzangu anataka mchezaji azuiwe kabisa kumiliki watu. Mnaonaje?

Nyar_Winam
Usimzuie. Lakini waliomo nyumbani mwake wawe wanapanga kutoroka, na mpango uendelee hata akizima simu. Asubuhi akifungua akute jiko limepoa na mlango wa uani uko wazi.